Usipoziba Ufa: Ibada ya Kutunza Majengo Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziinua mbingu bila ya nguzo tunazoziona na akaitandaza ardhi ikawa makazi yetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye msikiti wa Madina ulipojengwa alibeba matofali kwa mikono yake pamoja na masahaba zake. Ziwafikie pia aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada zangu wa jumuiya hii, mliotoka hapa hapa Uganda na mliotoka Kenya, Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo mkakutanishwa na elimu chini ya mapaa haya. Nasaha yangu toleo hili ni juu ya mapaa yenyewe, pamoja na mabomba, vyoo, taa, ngazi na kuta. Huenda msomaji akauliza: hayo si mambo ya ofisi ya mali za chuo? Mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ana nini na koki inayovuja? Naomba subira yako mpaka mwisho wa ukurasa, utaona kuwa dini yetu imeingia humo kitambo.

Tuanze na Qur'ani. Katika Surat At-Tawba, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatueleza sifa za watu wanaoiamirisha misikiti yake: wanamwamini Yeye na Siku ya Mwisho, wanasimamisha Sala, wanatoa Zaka, na hawamwogopi yeyote ila Yeye. Wafasiri wameeleza kuwa kuamirisha kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuujaza msikiti kwa ibada: Sala, dhikri, darsa. Ya pili ni kuutunza mwili wake: kuujenga, kuufagia, kuutia taa, na kukarabati kinachoharibika. Sisi tumeishika sana sura ya kwanza, na hilo ni jema. Ya pili tumemwachia mzee anayefagia asubuhi, na akistaafu hatujui nani atashika ufagio.

Tazama pia kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mja mwema Khidhri katika Surat Al-Kahf. Walifika katika mji, wakaomba chakula, wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Humo humo wakakuta ukuta unaokaribia kuanguka. Khidhri akausimamisha. Musa akashangaa, akamwambia kuwa angetaka angechukua ujira kwa kazi ile. Baadaye ndipo siri ikafichuka: chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na Mola wao alitaka wakue ndipo waitoe.

Zingatia mambo matatu hapa. Kwanza, Khidhri hakujenga ukuta mpya wa kuonyeshea watu, alitengeneza uliokuwepo. Pili, hakusubiri uanguke. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliuziba ufa. Tatu, aliyefaidika hakuwa yeye wala watu wa mji wale wachoyo, bali watoto ambao wakati ule hata hawakujua kuwa wana haki pale. Ndugu yangu, wanafunzi watakaolala katika kitanda chako miaka kumi ijayo leo wako shule ya msingi. Hazina yao iko chini ya ukuta huu unaoutazama.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuliona jambo hili kuwa dogo. Amepokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume aliona kohozi katika ukuta wa upande wa kibla, akachukizwa mpaka ikaonekana usoni pake, kisha akainuka na kulikwangua kwa mkono wake. Hakuuliza ni zamu ya nani. Na bedui alipokojoa ndani ya msikiti na masahaba wakamjia juu, Mtume aliwazuia, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfundisha mtu yule kwa upole. Mahali pakasafishwa, na mtu hakuvunjwa moyo. Wangapi kati yetu tunajua kugomba juu ya choo kichafu, lakini ndoo hatuishiki?

Tena kuna yule aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Alifariki, watu wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, na alipoambiwa amekufa akawalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Basi jiulize: mama anayeosha ngazi za hosteli yenu, unalijua jina lake? Unampa salamu, au unapita na viatu vyenye tope juu ya sakafu ambayo bado haijakauka?

Sasa tuingie katika fiqhi, maana hapa ndipo penye hoja yangu kubwa.

Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumwomba ushauri. Mtume akamwelekeza auzuie mzizi wa mali ile na atoe sadaka matunda yake. Umar akaiweka waqfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi; na anayeisimamia anaruhusiwa kula humo kwa wema bila ya kujitajirisha. Juu ya msingi huo umma wetu ulisimamisha misikiti, visima, hospitali na vyuo. Al-Qarawiyyin ya Fez, ambayo kwa mapokeo mashuhuri ilianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, na Al-Azhar ya Cairo iliyofunguliwa mwaka 972, hazikudumu karne zote hizo kwa ugumu wa mawe yake. Jiwe nalo huchoka. Zilidumu kwa sababu nyuma yake palikuwa na mashamba, maduka na nyumba za waqfu, ambazo mapato yake yalilipa walimu, yakalisha wanafunzi na yakatengeneza paa lilipovuja.

Na wanazuoni walipouliza, mapato ya waqfu yakiingia yaanze kwenda wapi, jibu lao linastahili kubandikwa katika mbao zote za matangazo za chuo hiki. Katika kitabu cha Al-Hidaya cha Imamu al-Marghinani, miongoni mwa vitabu vikubwa vya madhehebu ya Hanafi, imeelezwa kuwa ni wajibu kuanza na ukarabati wa waqfu wenyewe, awe aliyeuweka ameshurutisha hivyo au hakushurutisha. Kabla ya kugawa, tengeneza. Sababu yake ni wazi: mtoaji alikusudia kheri yake idumu, na kheri haidumu katika nyumba inayobomoka. Ukarabati huo wanauita *imara*, na sikio la Mswahili halihitaji tafsiri ya neno hilo.

Ipo hukumu nyingine katika mlango huo huo. Mtu akiiweka nyumba waqfu ili watu fulani waishi humo, matengenezo yake yanamwangukia yule anayekaa, kwa sababu yeye ndiye anayenufaika. Akikataa au akishindwa, hakimu huipangisha nyumba ile, huitengeneza kwa kodi inayopatikana, kisha humrudishia. Mimi si mufti, na sisemi kuwa hosteli zetu zote ni waqfu. Lakini maana inayobebwa na hukumu hii inatuhusu: anayepata kivuli cha nyumba ana deni kwa nyumba. Huwezi kusema manufaa ni yangu na ubovu ni wa wengine.

Ndugu zangu, tusiiache fiqhi hii hewani. Tuishushe mpaka kwenye mahali petu pa kutilia udhu.

Wiki chache zilizopita sisi kina dada tulikinga chupa ya nusu lita chini ya koki mojawapo ya upande wetu, iliyofungwa kabisa lakini inavuja. Chupa ilijaa kwa dakika kumi. Hizo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, na lita 2,160 kwa mwezi wa siku 30. Sasa kumbuka hadithi ya Anas kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, ambayo ni kiasi cha theluthi mbili za lita. Maana yake, koki moja mbovu kwa siku moja inamwaga maji ambayo yangetosha udhu wa watu zaidi ya mia moja kwa kipimo cha Mtume. Na maji hayo hayatoki mbinguni moja kwa moja. Yanavutwa kwa pampu, pampu inakula umeme, umeme unalipiwa, na kinacholipia ni ada zetu. Alkhamisi tangi linapokauka na watu wakapanga foleni na majerikeni, tunasema chuo hakina maji. Maji yalikuwepo. Yamepita katika mpira wa koki uliochakaa, kipuri ambacho bei yake haifiki sahani moja ya chakula kantini.

Si hilo tu. Taa mbili za njia ya kwenda upande wetu wa udhu hazijawaka tangu muhula uliopita. Matokeo yake dada wengi hawaji Isha, na Alfajiri ni wachache mno. Wapo wanaodhani kuwa imani yetu imepungua. Hapana, njia ina giza na ngazi moja imevunjika. Taa iliyoungua imefunga mlango wa jamaa bila ya mtu yeyote kutangaza kuwa umefungwa.

Nasema haya kwa sababu mkutano mkuu wa jumuiya unakaribia, na mbele yetu liko pendekezo la kutumia michango ya Ramadhani kujenga tao la marumaru katika lango la msikiti, lenye majina ya waliochangia. Simtilii mtu yeyote shaka katika nia yake. Kupendeza kwa msikiti ni jambo zuri. Lakini nauliza kwa adabu mbele ya Amiri wetu, Amira wetu na wajumbe wote: je, tunaweza kusimamisha tao nje ilhali ndani tunateleza? Ikiwa fedha zilitolewa kwa ajili ya msikiti kwa jumla, basi wanazuoni wameshatuonyesha pa kuanzia: ukarabati kwanza. Na ikiwa yupo aliyetoa kwa sharti la tao, sharti lake liheshimiwe, wala hatuna ruhusa ya kuligeuza kimyakimya. Aendewe, aelezwe hali ilivyo, aombwe ridhaa. Nina dhana njema kuwa akizisikia hesabu za koki ile yeye mwenyewe atasema tengenezeni.

Tatizo letu, na si la chuo chetu pekee, ni kwamba jengo jipya lina utepe wa kukata, lina picha na lina hotuba. Koki iliyotengenezwa haina. Lakini malaika wanaoandika hawaangalii utepe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na tawi la chini kabisa ni kuondoa njiani kinachodhuru. Jambo la kuondoa jiwe au mwiba limeingizwa katika imani yenyewe! Basi kigae kilichovunjika ngazini unachokijua, na mwenzako asiyekijua akakikanyaga usiku, hakiko nje ya imani yako.

Tuhamie hosteli. Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu walio katika jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipokuwa wakihitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa watoboe, wataangamia wote; wakizuiwa mikono, wataokoka wote.

Hakuna mfano unaoeleza bweni kuliko huu. Anayechomeka koili ya kuchemshia maji, pasi na jiko katika ekstensheni moja anasema ni chumba changu. Anayeondoa fyuzi iliyoungua na kuweka kipande cha waya anasema nimetengeneza. Fyuzi imewekwa ikatike kabla ya waya za ukutani kushika moto. Ukiweka waya mnene mahali pake, umemwondoa mlinzi na kumwacha mwizi. Anayetumia mtungi wa kuzimia moto kuzuilia mlango, na anayefunga mlango wa dharura kwa kufuli ili wageni wasipite, wote hao wanatoboa jahazi kwa nia njema. Watoboaji wa jahazi katika hadithi nao hawakuwa na nia mbaya. Walitaka tu wasiwaudhi majirani.

Na moto hauheshimu ukubwa wa jina. Jengo Kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941 na ambalo picha yake kila mtu katika nchi hii anaijua, liliteketea usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020. Paa likaporomoka, na pakapita miaka minne hivi mpaka lilipofunguliwa tena mwaka 2024. Sizungumzii chanzo cha moto ule. Nasema tu kwamba kazi ya muda mrefu inaweza kuondoka katika usiku mmoja, na kuirudisha kunataka miaka. Tushukuru Mungu kuwa chuo kile kilijengewa upya jengo lake. Uhai wa mwanafunzi haujengwi upya.

Jambo jingine ni amana ya mali ya umma. Kuna balbu zinazotoka katika korido na kuonekana vyumbani, koki zinazotoka bafuni, viti vya ukumbi vinavyohamia hosteli za nje. Wanaofanya hivyo hujiambia kuwa ni kitu kidogo, na kwamba ada wamelipa. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim, ameonya kuwa aliyepewa kazi ya umma akaficha hata sindano na kilicho juu yake, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Sindano! Balbu ni kubwa kuliko sindano. Na onyo hili linawapanda pia walio juu yetu: mwenye kuandika risiti ya mabati mazito akaleta mepesi, mwenye kusaini kuwa paa limetengenezwa ilhali fundi hakupanda ngazi. Na sisi viongozi wa wanafunzi tunaoshika fedha za jumuiya hatumo nje ya onyo hilo.

Najua lipo jibu linalosubiri: kutunza majengo ni kazi ya utawala, ndiyo maana tunalipa. Ni kweli, na haki hiyo tusiiache. Utawala ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini haki hudaiwa kwa njia inayozaa. Kulalamika kantini hakutengenezi bomba, na kuvunja dirisha kwa hasira ni kuongeza dirisha katika orodha ya vilivyovunjika. Andika taarifa: ni nini kimeharibika, kiko wapi, tangu tarehe gani. Ipeleke ofisi inayohusika, baki na nakala, rudi baada ya wiki moja, uliza kwa adabu. Rudi tena. Dini ni nasaha, na nasaha inawafikia viongozi na watu wa kawaida.

Kwa hiyo naweka mambo manne mbele ya jumuiya.

La kwanza, tuwe na daftari la uharibifu msikitini na katika kila bweni tulipo wengi, na mtu mmoja mwenye zamu ya kulipeleka ofisini kila Jumatatu. La pili, sehemu ya sadaka ya kila Ijumaa itengwe kwa matengenezo madogo ya msikiti, isiguswe kwa jambo jingine, na hesabu yake isomwe hadharani. La tatu, kabla ya mvua kubwa za Machi, vijana wenye nguvu wapande pamoja na fundi wa chuo, kwa idhini ya chuo, wasafishe mifereji ya paa. Majani yakiziba mfereji maji hurudi chini ya bati, mbao zikaoza, na dari ikaanguka siku watu wamekaa chini yake. La nne, na hili halihitaji kura wala shilingi: funga koki, zima taa, usitupe choo kinachoweza kukiziba, na umpe salamu anayefagia.

Ndugu zangu, tutaondoka hapa. Baada ya miaka mitatu au minne majina yetu yatafutika katika milango ya vyumba. Atakuja mwingine, usiku wa manane, mgeni, anataka kuswali. Atafungua koki. Ama itatoa maji, ama haitatoa. Hatatujua sisi ni nani, lakini Mwenyezi Mungu anajua nani aliitengeneza na nani aliiona ikivuja akapita.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaoiamirisha misikiti yako kwa Sala na kwa mikono yao. Wabariki wanaofagia, mafundi wanaopanda mapaa na walinzi wanaokesha ili sisi tulale. Waongoze viongozi wetu katika amana waliyoibeba. Tulinde na moto wa dunia na moto wa Akhera. Zikubali sadaka za waliotujengea kabla yetu, na utujaalie tuwaachie wanaokuja nyumba iliyo bora kuliko tuliyoikuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.